Mwalimu Chirau na Gogo la Daraja

Mwalimu Chirau hakuwa mtu wa kujificha. Watu wa Majoreni walikuwa wamemzoea akipita katikati ya kijiji kila asubuhi kwenda shuleni, kanzu yake imepigwa pasi, viatu kavishika mkononi mpaka afike penye ardhi kavu, akiamkia kila baraza. Wakubwa aliwapa shikamoo, wadogo alipokea zao, na kama kuna mgonjwa alisimama kumwulizia. Lakini mwaka 1957, mvua za masika zilipokwisha, alianza kupita nyuma ya kijiji kwenye mikoko, ambako njia ni ya tope na matundu ya kaa. Aliyemwuliza alijibiwa kwamba kule kuna kivuli.

Kivuli hakikuwa sababu. Sababu ilikuwa baraza ya shemeji yake, Boga.

Boga alikuwa kaka wa Mwanaima, mke wa Mwalimu. Kazi yake ilikuwa ukwezi wa minazi, na katika kazi hiyo hakuwa na mwenzake kuanzia Vanga mpaka Msambweni. Wenye mashamba walimngojea yeye hata kama nazi zimeanza kudondoka zenyewe. Alikuwa mtu mfupi, mpana wa kifua, mikono yake imeota sugu mpaka kwenye viwiko kwa kukumbatia magogo ya minazi. Kusoma hakujua, ila kwa watu waliosoma alikuwa na heshima kubwa, na zaidi kwa shemeji yake. Chirau akisema neno barazani, Boga alikuwa wa kwanza kuwanyamazisha wenzake wasikilize.

Shule ilikuwa ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Maji yakipwa, watoto walivuka kwa miguu, tope likiwafika magotini. Yakijaa, nusu ya darasa ilibaki upande huu wakimwangalia mwalimu wao upande ule. Chirau alichoka na jambo hilo, akawakusanya wazee wa watoto na kuwaambia kwamba wakisubiri serikali iwajengee daraja watasubiri mpaka watoto wazeeke. Wakakubaliana kujenga wenyewe. Waashi wakajenga ukuta wa mawe ya matumbawe kila upande wa hori, mnene na imara, na ikawa imebaki kupata magogo marefu ya kulaza juu yake.

Gogo la kwanza lilitoka upande wa Kikoneni. Lilikuwa la mvule, lililokaa kwenye uwanja wa mbao miaka mingi hadi likakauka vizuri, na unene wake mtu mmoja hakuweza kuukumbatia. Lori likalishusha juu kidogo ya hori kwa sababu huko ndiko barabara ilikofikia. Wanaume wengi walihitajika, na mitaimbo, na kelele nyingi, kulibingirisha mpaka majini. Lilipoanguka majini likazama kidogo, likaibuka, likatulia likielea. Kilichobaki ni kuliacha literemke na maji yaliyokuwa yameanza kupwa, mpaka kwenye ukuta wa daraja.

Hapo ndipo Chirau alipoona nafasi ya kufundisha. Somo la vitu vinavyoelea alilipenda tangu chuo cha ualimu, na hapa palikuwa na wazee wa wanafunzi wake wote. Akakunja kanzu yake, akaingia majini mpaka kiunoni, akaliwekea gogo kidole kimoja. Akasukuma, akaendelea kusukuma bila haraka. Gogo likaanza kusogea.

Watu wakanong'onezana. Muda mfupi uliopita lilikuwa limewatoa jasho wote pamoja.

"Mnaona?" akasema Chirau. "Lilipokuwa nchi kavu, uzito wake ulikuwa juu yenu. Sasa maji yameubeba wote."

Boga alikuwa amesimama ukingoni, kamba begani. "Mwalimu," akauliza, "tulifunge kamba kwa nyuma? Likikaribia ukuta tulivute kidogo kidogo."

Mbele za watu Boga alimwita Mwalimu, si shemeji. Chirau akatabasamu kama alivyotabasamu darasani mtoto akiuliza swali rahisi.

"Kamba ya nini? Kitu ambacho uzito wake umeondoka hakiwezi kumshinda mtu. Wewe nenda kasimame pale ukutani, likifika lizuie kwa kiganja. Hata mtoto angeliweza."

Watu wakacheka, kicheko cha wema tu. Boga naye akacheka. Akaitupa kamba mchangani, akaenda kusimama majini, mgongo wake ukielekea mawe ya matumbawe.

Gogo halikuja kwa kasi. Lilikuja kwa mwendo wa mtu anayetembea huku akiwaza jambo lake. Boga akanyoosha mikono yake yote miwili, mikono ile iliyojulikana nchi nzima, akaliwekea viganja. Waliokuwa ukingoni walisema baadaye kwamba walidhani anafanya mzaha, kwa jinsi mikono ile ilivyokunjika. Gogo halikusita. Likamrudisha nyuma mpaka mgongo ukagusa mawe, kisha likaendelea kidogo tu, upana wa kiganja hivi. Ukasikika mlio kama wa kuni mbichi inapovunjwa.

Boga hakupiga kelele. Alisema kwa sauti yake ya kawaida, "Limenibana," kisha kichwa chake kikaanguka mbele.

Wanaume wakajitupa majini wote kwa pamoja, wakalisukuma gogo nyuma. Boga akalazwa kwenye kitanda cha kamba, akachukuliwa mpaka kwenye lori lile lile, na lori likampeleka hospitali ya Msambweni. Chirau alikwenda naye, amekaa sakafuni kando ya kitanda, kanzu yake imeloa, na njia nzima hakuweza kumtazama usoni.

Waganga walifanya waliloliweza. Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika, na paja pia. Boga aliishi, lakini mguu wa kushoto ulikakamaa, haukukunjika tena. Mnazi hakuukwea tena maisha yake.

Chirau aliporudi kijijini alijiandaa kulaumiwa. Alikuwa tayari kuyasikia matusi, na pengine aliyatamani. Hayakuja. Watu wa Majoreni walimpokea kwa upole, wakampa pole kama aliyefiwa. "Ni ajali, Mwalimu. Ni mapenzi ya Mwenyezi Mungu." Esha, mke wa Boga, alimkaribisha kwa kahawa. Hakuna aliyelitaja neno lake la kiganja. Walilikwepa kwa adabu, kama wanavyokwepa kutaja kasoro ya mwenye nyumba mbele ya wanawe, na adabu ile ndiyo iliyomchoma. Angelitukanwa, angelijua la kujibu.

Hata Boga mwenyewe, alipokuwa bado amelazwa, alimwambia, "Nisamehe, shemeji. Mikono yangu imekuaibisha mbele za watu."

Chirau aliyachukua maneno hayo kuwa ni heshima tu. Aliitikia jambo asilolikumbuka, akatoka nje haraka kwa sababu machozi yalikuwa karibu.

Basi akaanza kupita kwenye mikoko. Nyumbani, Mwanaima alipika vyungu viwili kila siku, kimoja cha nyumba yake na kimoja cha kaka yake, akakifunika cha pili kwa kawa na kukipeleka mwenyewe. Hakumwambia mumewe twende. Chirau alimtazama akitoka na kile chungu, akaacha chakula chake nusu. Shuleni aliliacha somo la sayansi. Kipindi kilipofika aliwapa wanafunzi imla, au akawasomesha habari za safari za kale. Hakuna mtoto aliyemwuliza kwa nini, na hilo nalo aliliona kuwa wazee wao wamewakanya.

Moyoni alijitengenezea maelezo. Maji yalikuwa na mkondo. Boga aliteleza. Mawe yalikuwa na ncha. Usiku aliyapanga maelezo hayo akapata usingizi kidogo.

Shule zilipofungwa mwezi wa Desemba, walimu wa pwani waliitwa Mombasa kwa mafunzo ya siku chache. Mkufunzi wa sayansi alikuwa Mwalimu Abdurahman, mtu mwembamba mwenye miwani, asiyepandisha sauti. Aliingia darasani, na walimu wakaona gunia la mchanga limening'inizwa kwa kamba kwenye boriti ya dari.

"Uzito wa gunia hili umebebwa na nini?" akauliza.

"Na kamba," wakajibu.

"Vizuri. Basi mimi silibebi. Tazameni." Akaliwekea kidole, akalisukuma taratibu, na gunia likaanza kubembea. Alipoona limeshika mwendo, akasema, "Sasa mmoja wenu aje alizuie kwa kiganja. Wewe, Mwalimu wa Kwale, uliye mbele."

Chirau hakuinuka. Mwili wake ulikuwa umeshaelewa kabla ya akili. Alitazama gunia lile likija na kurudi, akasikia ladha ya chumvi mdomoni.

Mwalimu mwingine akainuka badala yake, kijana wa Malindi aliyejiamini. Akaweka kiganja. Gunia likamkunja kifundo cha mkono, likamsukuma hatua nyuma, na darasa zima likacheka.

"Msimcheke," akasema Abdurahman. "Sisi kwa Kiswahili tuna neno moja, uzito, na tunalitumia kwa mambo mawili. Jambo la kwanza ni vile ardhi inavyokivuta kitu chini. Mvuto huo kamba inaweza kuubeba, maji yanaweza kuubeba, na ukikipeleka kitu mwezini utapungua. Jambo la pili ni wingi wa kile kilichomo ndani ya kitu chenyewe. Wingi huo ndio unaokataa kitu kianze kwenda, na kikishaanza, ndio unaokataa kisimame. Huo haubebwi na kamba wala na maji. Kile chombo cha Warusi kinachotuzunguka angani sasa, mtu akiwa ndani yake ataona vitu vinaelea kama unyoya. Lakini atupiwe jiwe huko, litamvunja meno vile vile."

Siku hizi vitabu vya shule vinauita wingi huo tungamo. Siku zile hapakuwa na neno, na hapo ndipo penye aibu ya Chirau. Alikuwa amelisoma jambo hili chuoni. Alikumbuka kwamba lilikuwa fungu fupi, mara tu baada ya somo la kuelea alilolipenda, na kwamba alilisoma akaona maneno mawili ya Kizungu ambayo kwake yote yalikuwa uzito, akaona ni kurudiarudia, akalipita. Mtihani haukuliuliza.

Alitoka nje akaenda penye bomba, akanawa uso, akanawa tena. Maelezo yake yote ya mkondo na kuteleza yalikuwa yamekufa mle darasani. Si ajali. Lilikuwa somo la kawaida ambalo mwalimu yeyote alipaswa kulijua kabla ya kuwaambia watu wazima wasimame wapi.

Aliporudi Majoreni alikusudia kukaa kimya. Aliona kwamba kumfafanulia Boga kilichomvunja hakutaunga mfupa, na kwamba atakuwa anautafuta unafuu wake mwenyewe. Lakini jioni ile ya kwanza, Mwanaima alipokuwa akimtilia chai, akasema, "Kaka yangu ameacha kwenda msikitini Ijumaa."

"Mguu unamsumbua?"

"Mguu anauburura popote atakapo. Ni watu." Akaweka birika chini. "Ziro, yule mtani wa kijiji, anawachekesha wenzake pale dukani. Anasema Boga tuliyemdhania simba ameangushwa na kitu kisichokuwa na uzito, kitu ambacho hata mtoto angelikizuia. Maneno hayo aliyatoa wapi, wewe unajua."

"Kaka yangu naye anaamini," akaendelea Mwanaima. "Anamwambia Esha kwamba nguvu zilimwishia bila kujijua, kwamba alikuwa akijisifu bure. Anaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Mimi sikukwambia kwa kuwa nilidhani utaona mwenyewe. Lakini wewe hupiti kule."

Ndipo Chirau alipoyakumbuka maneno ya hospitalini, akajua kwamba hayakuwa heshima. Boga alikuwa akimwomba radhi kwa dhati. Miezi yote ile yeye alikuwa ameukalia uchungu wake kama ni wa peke yake, na mtu aliyevunjwa alikuwa akibeba aibu isiyokuwa yake.

Asubuhi alipita katikati ya kijiji. Boga alikuwa barazani, mguu umenyooshwa mbele, anasuka dema la kuvulia samaki. Wakaamkiana. Chirau akakaa chini, akamweleza yote, la ardhi inayovuta na la wingi uliomo ndani ya kitu. Boga alisikiliza kwa adabu ile ile ya siku zote, vidole vyake vikiendelea kusuka.

"Ahsante, shemeji," akasema mwishowe. "Wewe ni mtu mwema. Umekwenda mpaka Mombasa kunitafutia neno la kunipoza."

"Si la kukupoza. Ndivyo lilivyo."

"Siku ile pia ulisema ndivyo lilivyo."

Hapakuwa na hasira katika sauti yake. Chirau akaona kwamba kauli yake haikuwa na thamani tena mahali pale, na kwamba ni haki isiwe nayo. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Basi usiniamini. Njoo horini kesho maji yakijaa, utazame kwa macho yako. Nitawaomba na wengine waje."

Wakaja wengi kuliko alivyowaomba. Ziro alikuwapo. Boga aliletwa, akakalishwa ukingoni. Chirau akaazima mtumbwi, akaingia majini mpaka kifuani mahali ambapo nyuma yake palikuwa na tope tu, hakuna ukuta. Akawaambia wanaume wausukume mtumbwi mtupu uje kwake kwa mwendo wa kutembea. Ukaja, akauzuia kwa mkono, ukasimama.

Kisha wakaujaza mawe mpaka ukakaribia kuzama. Bado ulikuwa unaelea.

"Maji yameubeba uzito wa huu kama yalivyoubeba wa lile gogo," akasema Chirau. "Sasa usukumeni kwa mwendo ule ule."

Walisita. Mmoja wao akamtazama Boga kama anayeomba ruhusa, na Boga akaitikia kwa kichwa. Wakasukuma. Mtumbwi ukaja polepole, na Chirau akauwekea viganja vyote viwili. Ukamkunja mikono, ukampiga kifuani, miguu yake ikachimba tope ikashindwa, akaenda chali chini ya maji. Aliibuka akikohoa, kofia yake imekwenda na mkondo, kanzu imemfunika uso. Watu wakacheka. Wanafunzi wake walicheka zaidi, kwa kuwa hawajawahi kumwona hivyo. Akakiacha kicheko kipite juu yake, akasimama pale pale.

Kilipotulia, Boga peke yake ndiye hakuwa amecheka.

"Rudia," akasema.

Akarudia, akaangushwa. Boga akasema tena, "Rudia." Safari hii Chirau aliwaomba wawili waje wamsaidie, na Ziro akaingia kwa maringo yake, na mwingine. Mtumbwi ukawasukuma wote watatu mpaka wakakalia tope. Ziro alipoinuka hakuwa na mzaha wa kusema.

"Na gogo lilikuwa na wingi kuliko mtumbwi huu?" Boga akauliza.

"Mara nyingi zaidi. Hata tungelisimama wanaume wote wa hapa mbele yake, tungelibanwa wote." Akavuta pumzi, kwa kuwa lililobaki ndilo alilolijia, akalisema kwa sauti ili wote wasikie. "Hukushindwa wewe, Boga. Hakuna mikono ambayo ingeliweza. Mimi nilikuweka pale kwa jambo nisilolijua, na wewe uliuliza juu ya kamba nikakucheka."

Maji yalikuwa yakimtiririka Chirau kwenye ndevu.

"Nilisema tufunge kamba," akasema Boga polepole, kama anayelikumbuka kwa mara ya kwanza. "Ni kweli. Nilisema." Akaitazama mikono yake, akaigeuza, akaiweka juu ya mapaja. Kisha akamtazama shemeji yake kwa jicho ambalo Chirau hakuwahi kuliona kwake, jicho la mtu anayemdai mwenziwe haki. "Ungelinisikiliza, leo ningekuwa juu ya mnazi."

"Ndiyo," akasema Chirau.

"Haya. Toka majini, utaugua."

Ijumaa iliyofuata Boga alikwenda msikitini, na Ziro ndiye aliyempa bega kwenye ngazi. Daraja lilimalizwa mwaka uliofuata, magogo yakishushwa kwa kamba mbele na nyuma, Boga amekaa ukingoni akiamuru lini zilegezwe na lini zivutwe. Madema yake yalipata sifa mpaka wavuvi wa Vanga wakaja kuyanunua. Lakini ile ada yake ya kuwanyamazisha watu Chirau akisema, hiyo haikurudi. Alimheshimu kama shemeji, akala naye, akamwita kwenye harusi za wanawe. Chirau akisema jambo, Boga alisikiliza kisha akauliza swali, na Chirau alijifunza kungoja swali hilo.

Alirudi kufundisha sayansi. Mwaka 1959 akaja mkaguzi wa shule kutoka mjini, akakaa nyuma ya darasa, akamwona Mwalimu amening'iniza gunia la mchanga na kuwaeleza watoto yale mambo mawili kwa Kiswahili chepesi. Mkaguzi alipendezwa sana. Mbele ya darasa zima akampa mkono, akasema hajapata kuona somo hili likifafanuliwa vizuri namna ile, na akamwuliza alijifunzia wapi.

Darasani mlikuwamo mtoto wa Boga na watoto wa wale waliokuwapo horini. Wote waliinamisha macho kwenye madawati, kwa ile adabu ya wazee wao.

"Hapa hapa kijijini, bwana," akajibu Chirau, akauachia mkono wa mkaguzi, akageuka kufuta ubao ambao ulikuwa haujaandikwa kitu.